Usiitupe Dawa ya Meneja

Nyumbani,
Jumapili, mchana.

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, shemeji na mwanenu. Mgongo wako unaendeleaje? Nimesikia siku hizi unalala sakafuni kwa ajili ya huo mgongo, nikashindwa kujua nicheke au nikupe pole, maana tulipokuwa wadogo ulikuwa unanisukuma mpaka ukutani ili kitanda kiwe chako peke yako. Shemeji naye bado anafuga zile ndevu, au ulishafanikiwa kumshawishi? Na Meneja wetu hajambo? Naambiwa amefika mahali anawapangia hadi viti vya kukaa mezani. Mwambie mjomba wake anaomba kazi, hata ya kufungua mlango.

Sisi huku tupo. Siwezi kusema tu wazima, lakini tupo. Wifi yako amerudi hotelini, kule chumba cha kufulia. Walimpa ruhusa ya kupumzika zaidi, akakataa. Anasema bora asimame kwenye joto la mapasi akikunja mashuka ya wageni kuliko kukaa ndani akiangalia kuta. Mimi nimerudi kwenye kiwanda chetu cha kuchapa. Wamenitoa kwenye mashine ya kukata karatasi, wameniweka kwenye kufunga vitabu. Msimamizi alisema ni kwa muda tu, mpaka mikono itulie. Sikubishana naye.

Mama anakula kidogo, analala kidogo, anazungumza sana. Hilo la mwisho ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Unajua nyumba yetu ilivyo. Simu ikilia tu, Mama anavuta kigoda, anakaa kando yangu, na kila ninachosema anakikamilisha yeye. Nikitoka nje kuongea, ananifuata akidhani nimepata habari mbaya. Mwenzangu wa kazini anasafiri kuja huko kwenu kesho alfajiri, nimemwomba akuletee barua hii mkononi.

Dada, juzi nilikuwa mlangoni navua viatu, nikamsikia Mama akiongea nawe kwa simu. Akawa anasema, "Umefanya vizuri mwanangu. Itupe kabisa, isikae hata ndani ya nyumba." Nilidhani mnazungumzia sumu ya panya. Tulipokaa kula nikamuuliza, akaniambia umeitupa pampu ya Meneja ya pumu. Nilinawa mikono, nikaacha sahani kama ilivyokuwa.

Najua alichokusimulia, maana anakisimulia kwa kila anayeingia hapa. Kwamba Chiriku alibanwa kidogo na kifua, akampa maji ya moto, mtoto akatulia akalala, kisha jirani akaja, akampulizia ile pampu, na palepale mtoto akakata roho. Simwiti Mama mwongo. Hayo yote yalitokea. Ila Mama anaanza kusimulia habari ikiwa inakaribia mwisho, na mimi nataka uijue tangu mwanzo.

Wewe ndiye uliyempa mwanangu jina la Chiriku, siku ile alipokunyang'anya simu na kukueleza habari za paka wa jirani mpaka salio likaisha. Ulilipatia. Alikuwa akiamka anaongea, anaoga anaongea, na akila unamkumbusha ameze kwanza. Kifua kilianza kumsumbua akiwa bado hajaanza kutembea vizuri. Kila akipata mafua, mafua yanashuka kifuani, na usipokuwa na redio iliyowashwa unasikia ile filimbi ndani yake kutoka upande wa pili wa chumba. Tulipokwenda zahanati mara kadhaa, daktari akasema ni pumu, akatupa pampu ya bluu pamoja na ile chupa ya plastiki yenye kinyago cha kufunika mdomo na pua.

Nesi aliyetufundisha alikuwa mama mmoja mkali kama mwalimu wa hesabu. Hakuturuhusu kutoka mpaka kila mmoja wetu afanye mbele yake. Mimi nilikosea mara mbili. Mara ya kwanza nilisahau kuitikisa, mara ya pili niliacha mwanya kwenye shavu la mtoto, dawa ikatokea pembeni. Akaniambia, "Baba, hapo umeitibu hewa ya chumba hiki. Mtoto bado anaumwa." Mke wangu alicheka mpaka akatoka machozi.

Na ile dawa ilifanya kazi, Dada. Nataka hili ulisikie kwangu mimi niliyeona kwa macho. Chiriku alikuwa akibanwa, tunamkalisha mapajani, tunamwekea kinyago chake, na anahesabu pumzi kwa vidole. Baada ya kitambo mabega yanashuka, mbavu zinaacha kuzama, na kitu cha kwanza unachosikia ni kelele zake. Alikuwa na mwanasesere aliyetengenezwa kwa soksi yangu, na huyo naye ilibidi awekewe kinyago, la sivyo mwenyewe hakubali. Mke wangu alikuwa akisema, "Ukisikia anagombana na soksi, jua kapona."

Mama hakuipenda tangu siku ya kwanza. Na sitaki umwone mjinga, kwa sababu unajua ilikotoka hofu yake. Unamkumbuka Mjomba, kaka yake, yule fundi saa. Wewe ulikuwa mkubwa kuliko mimi, nafikiri ulikuwepo walipomkuta kwenye kiti chake cha kazini na pampu mkononi. Mimi nilikuja kuambiwa na watu wazima kwamba pampu yenyewe ilikuwa tupu, alikuwa akibonyeza hewa. Lakini Mama alichokiona ni mkono wa kaka yake umekufa ukiwa umeishika. Tangu hapo, kwake yeye, hiyo ni silaha. Akasikia na wanawake wenzake wakisema ukiianza huachi, inazoeza mapafu uvivu, inapiga moyo. Siku moja akaweka mkono kifuani kwa Chiriku baada ya dawa, akakuta moyo unakwenda mbio na vidole vinatetemeka, akanigeukia na kusema, "Mnaniua mjukuu wangu mkiwa mnacheka." Nilimpeleka kwa yule nesi mwenyewe. Nesi akamweleza kwa upole kwamba moyo kwenda mbio kidogo na mikono kutetemeka ni kawaida ya dawa ile na hupita baada ya muda mfupi. Mama akaitikia, "Nimeelewa mwanangu." Mke wangu akamfundisha kutumia, akafanya vizuri kuliko mimi. Tukaitundika pampu na chupa yake kwenye msumari kando ya mlango wa jikoni, mahali anapofika bila kunyoosha mkono. Sisi tukiwa kazini, yeye ndiye alikuwa anabaki na mtoto. Tuliamini mambo yamekwisha.

Siku yenyewe ilikuwa siku ya kazi ya kawaida. Asubuhi Chiriku alikuwa na kamasi kidogo, lakini alinisindikiza mpaka kona akinieleza kwamba akikua ataolewa na dereva wa greda. Niliyoyajua ya mchana nimeyapata kwa jirani yetu, yule fundi cherehani wa mlango wa pili. Alikaa nayo moyoni mpaka watu wa msiba walipotawanyika, ndipo akaniita dukani kwake, akafunga pazia na kuniambia kila kitu akilia.

Anasema alisikia kikohozi kupitia ukutani, kikohozi kile kinachokuja bila kupumzika. Akaja kuangalia. Akamkuta mtoto kalazwa chali kitandani, madirisha yamefungwa, Mama anamsugua kifua kwa mafuta. Akamuuliza, "Chiriku, leo paka wangu umemwona?" Mtoto akasema, "Ni... me..." akavuta pumzi, "...mwona." Neno moja kwa vipande, mtoto yule. Fundi akamgeukia Mama.

"Bibi, pampu yake iko wapi?"

"Ameshatumia," Mama akasema. "Sasa ni kupumzika tu."

Hakuwa ametumia, Dada.

Fundi akarudi kwenye cherehani yake, lakini anasema mguu ulikataa kukanyaga. Aliendelea kusikia kifua kikipiga filimbi. Kisha filimbi ikakoma. Mama akatoka mlangoni uso umekunjuka, akamwambia, "Umeona? Katulia. Kalala mwenyewe bila vurugu." Na fundi akashusha pumzi, akashona.

Daktari alinieleza baadaye, na hili nakuomba ulishike. Mtoto aliyekuwa akihangaika na kifua kinapiga filimbi, ikanyamaza ghafla huku mwenyewe amelegea, hiyo si nafuu. Filimbi ni hewa inayopita kwa shida. Ikinyamaza namna ile, maana yake hewa haipiti tena.

Mama alipoingia kumfunika shuka ndipo alipoona midomo imegeuka bluu. Akapiga ukelele. Fundi akakimbia na mkasi bado mkononi, akaenda moja kwa moja kwenye msumari, akakuta chupa ya kinyago inaning'inia peke yake. Pampu haipo. Akapekua meza, akapekua kabati, akapiga kelele, "Bibi, iko wapi? Iko wapi?" Mama akaingiza mkono kwenye mfuko wa aproni yake, akaitoa.

Ilikuwa naye muda wote. Sijui kama aliitoa msumarini ili tusije tukaitumia, au aliichukua akawa anajishauri ampe au asimpe, akizunguka nayo ndani ya nyumba huku anauona mkono wa Mjomba. Sijamuuliza. Nimekuja kugundua kwamba siku nyingine nataka liwe jibu hili, siku nyingine lile, na yote mawili hayanisaidii.

Fundi akamkalisha mtoto, akamwekea, akabonyeza. Lakini ili dawa iingie lazima kuwe na pumzi ya kuivuta, na Chiriku alikuwa hana tena. Fundi bomba wa nyumba ya nyuma akawapakia kwenye gari lake katikati ya mabomba, na fundi cherehani hakuacha kubonyeza njia nzima. Mama alikuwa amemkumbatia mtoto. Chiriku alifia mikononi mwake, kinyago kikiwa usoni. Ndiyo maana anasema alipopuliziwa tu akakata. Hicho ndicho alichokiona, kwa mara ya pili katika maisha yake.

Mimi nilikuta simu yangu imejaa miito ya jirani nilipotoka kwenye mashine. Pale kwetu simu zinakaa rafuni kwa ajili ya usalama. Nilifika hospitali nikiwa na vumbi la karatasi mpaka kwenye nyusi, wifi yako alifika na aproni ya kazini. Hayo mengine uliyasikia.

Sasa nikwambie la wifi yako, ili usije ukamhukumu kwa ukimya wake. Siku ya pili ya msiba nyumba imejaa, Mama akawaambia wageni kwa sauti, "Dawa zao hizi ndizo zilizonimalizia mjukuu." Watu wote wakamgeukia mke wangu. Akainuka, akaenda bombani, akaanza kuosha masufuria ambayo yalikuwa safi. Nilimfuata.

"Umemsikia?" nikamuuliza.

"Nimemsikia."

Wakati huo mimi sikujua habari za aproni. Nilipokuja kuambiwa na fundi, nilirudi nyumbani, nikamweleza mke wangu yote, nikamwambia, "Leo namwambia Mama. Namwambia mbele yako." Alikuwa anakunja nguo za Chiriku kuziweka kwenye sanduku. Hakuinua kichwa.

"Nilijua," akasema. "Siku ile nilipofika hospitali alinishika mkono akaniambia, 'Mwanangu, nilimpa maji ya moto.' Kabla hata sijamuuliza kitu. Anajua, mume wangu. Ila akilisema tu kwa mdomo wake, atakufa. Ukimwambia utazika wawili, na mimi sina nguvu ya kuzika tena."

Basi tumekaa nalo hivyo. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, wifi yako anamwachia Mama chai yake imefunikwa. Hamwangalii usoni, lakini hajawahi kusahau sukari. Sijui mwanamke huyu ameumbwa kwa kitu gani. Kuna siku natamani apige kelele avunje vyombo, nimsaidie kuvunja.

Nilikuwa tayari kunyamaza maisha yangu yote. Mama ana haki ya kuwa na kitu cha kushikilia, na kama kitu chenyewe ni uongo, ni uongo unaomfanya aamke asubuhi. Lakini juzi pale mezani, alipokwisha kuniambia umeitupa pampu, alijifuta macho kwa ncha ya shuka, akasema, "Huyu angalau nimemwokoa." Alisema kwa furaha, Dada. Ni mara ya kwanza kuona anatabasamu tangu tuzike. Wifi yako alikuwa amesimama nyuma yake na birika. Akaliweka chini, akaniangalia. Tangu mazishi alikuwa hajaniangalia hivyo. Akanifuata nje akaniambia, "Mwandikie dada yako. Usichelewe."

Kwa hiyo nakuandikia. Meneja akibanwa, hakuna maji ya moto wala mafuta yatakayofungua kifua chake. Rudi kwa daktari wake kesho, usingoje wiki ijayo, mwambie umeitupa, upewe nyingine. Hakuna daktari atakayekucheka, na akicheka mwache acheke. Mkumbushe awaonyeshe tena kwa mikono yake, wewe na shemeji na yeyote anayebaki na mtoto, na mwalimu wake pia.

Mkalishe wima, usimlaze. Itikise. Mbandike kinyago vizuri, kisiache mwanya popote, hata akilia. Bonyeza mara moja tu, mwache apumue ndani yake pumzi tano sita za kawaida, kisha ndipo uitikise tena na kubonyeza tena, kadiri daktari atakavyokupangia. Usimimine yote kwa pamoja ukidhani unawahisha. Ongea naye taratibu, maana mtoto akiona macho yako yametoka naye anakaza kifua. Mwangalie mbavu, mwangalie shingo, na msikilize anavyozungumza. Akishindwa kumaliza sentensi, au dawa isipomsaidia, au akirudi kubanwa baada ya muda mfupi, mkimbize hospitali, na uendelee kumpa njiani. Na kabla ya yote hayo, hakikisha pampu ina dawa. Ibebe kila aendako, hata dukani.

Nakuomba jambo moja zaidi, na hili ni zito kuliko yote. Usimgombeze Mama. Usimuulize. Asisikie hata kwenye sauti yako kwamba unajua. Akikuuliza kama kweli umeitupa, mwambie umeitupa. Mwambie Meneja anakunywa maji ya moto na anaendelea vizuri, mwambie asante Mama umetuokolea mtoto. Kisha kata simu, ukampe mwanao dawa yake.

Sisi tutakuwa sawa, au hatutakuwa. Wifi yako amesema akipata nguvu atakuandikia mwenyewe. Usimngojee kwa haraka.

Msalimie sana shemeji, mwambie hizo ndevu nazitania kwa upendo. Msalimie mama mkwe wako na miguu yake inayomsumbua, na yule rafiki yako msusi aliyetutumia rambirambi kwa sauti mpaka simu ikakatika. Mkumbatie Meneja kwa niaba yangu, na umsikilize kifua mara moja wakati umemkumbatia, bila yeye kujua.

Mungu akulinde wewe na nyumba yako, na ampe mpwa wangu pumzi ndefu, mchana na usiku, mpaka awe mzee wa kutusumbua sote.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye siku zote,

Baba Chiriku